Pesa ya bati nilivyoipeleka kuchimba sarafu

Kama mwili wako ni mzima mshukuru Mungu, na kama mfuko wako nao ni mzima basi mshukuru mara mbili, maana wapo wenzako ambao mwili unadunda lakini mfuko uko chumba cha wagonjwa mahututi.

Juzi Jumamosi nimekaa zangu barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, akaja kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda, mtoto mwenye adabu zake. Akaniamkia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa karatasi mfukoni. Kumbe ni orodha. Kadi za grafiki tatu, mazabodi, pawasaplai, RAM, na vikorokoro vingine. Anataka kutengeneza kompyuta yake ya kwanza ya kuchimba sarafu za kidijitali nyumbani, na amesikia kwamba mimi mzee wake niliwahi kuwa mchimbaji. Shida yake ni nimsindikize Kariakoo nimsaidie kuchagua.

Nikamuuliza, mtaji upo? Akasema upo, anauza pikipiki.

Jamani, chai ilinipalia. Nikaona huyu siwezi kumjibu kwa neno moja. Nikamwambia akae, nimsimulie. Na kwa vile najua hayuko peke yake mwenye mchecheto huo hapa mjini, nanyi wasomaji wangu nawasimulia kama nilivyomsimulia yeye. Mtakaocheka chekeni, lakini msije mkasema hamkuambiwa.

Mpwa na ndoto zake

Ilikuwa Desemba 2021. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja likizo kutoka chuoni. Akaniamkia, "Shikamoo anko," akala ubwabwa wake akashiba, kisha akaanza kunilongea habari za ether. Ether ni sarafu ya mtandao unaoitwa Ethereum, na mwezi uliotangulia, Novemba, ilikuwa imepanda mpaka kupita dola 4,800 kwa moja. Akaniambia anko, watu wana kompyuta chumbani, wamelala, inawaingizia mshiko.

Nikamuuliza, inachimba nini sasa, kokoto? Akanieleza vizuri, na hapa namsifu. Alisema kompyuta inabahatisha namba. Mtandao unatoa fumbo, na kompyuta za dunia nzima zinakisia namba, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, mpaka moja inapopatia. Iliyopatia ndiyo inayoandika ukurasa mpya wa daftari la hesabu la mtandao, na inalipwa kwa sarafu mpya. Mtu mdogo kama wewe huwezi kupatia peke yako, kwa hiyo unajiunga na kundi la wachimbaji, kundi likipatia mnagawana kwa kadiri ya makisio ya kila mmoja. Kama upatu, ila hapa anayekisia zaidi ndiye anayekula zaidi.

Akapiga hesabu kwenye daftari. Kadi moja ya RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 8, ikirekebishwa vizuri, inakisia mara milioni 30 kwa sekunde. Kwa bei ya wakati ule, kadi hiyo ilikuwa inaingiza kama dola mbili kwa siku. Umeme ukitoa, unabaki na shilingi elfu tatu na ushee kwa kadi. Ukiwa na kadi tano je? Kumi je? Mwenzenu nikaanza kuona gari.

Sasa pesa ilikuwepo, na hapo ndipo dhambi ilipo. Nilikuwa na shilingi 3,400,000 za kuezekea nyumba yetu tunayojenga. Katika hizo, milioni moja ilitoka kikoba cha mama watoto. Mama wa watu kaweka mwaka mzima, kajinyima vitenge, kanikabidhi mkononi akaniambia, "Baba watoto, hii ni ya bati." Nami nikaitikia kabisa. Mke wangu huyo nilimuaga asubuhi kwamba nakwenda kuulizia bei za bati. Na kweli nilikwenda Kariakoo. Bati sikuziulizia.

Kosa la kwanza, kadi

Mpwa wangu alisema tununue kadi za GB 8 tu. Lakini mimi ni mtu mzima, najua kubana matumizi. Tulifika dukani, yeye akatoka nje kupokea simu, muuzaji akanionyesha RX 570 ya GB 4 iliyotumika kwa 600,000, wakati ya GB 8 ilikuwa 850,000. "Mzee, hizi ni ndugu, tofauti ni stika tu." Nikatoa fedha. Mpwa aliporudi nikamwonyesha kwa majivuno. Kijana wa watu akakaa chini kwenye ngazi.

Kumbe Ethereum ilikuwa na faili kubwa ambalo kila kadi ilipaswa kulibeba zima kwenye kumbukumbu yake wakati wa kukisia. Faili hilo lilianza na GB 1 mwaka 2015 likawa linakua kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Desemba 2020 lilivuka GB 4. Kadi yangu ilikuwa imestaafu mwaka mzima kabla sijainunua! Muuzaji hakurudisha pesa, alisema kitu kilichotoka dukani kimetoka.

Kwa hiyo somo la kwanza, nikamwambia kijana wa bodaboda, ni kwamba kadi haichaguliwi kwa sura wala kwa bei. Kwanza ujue unachimba sarafu gani na sarafu hiyo inataka kumbukumbu kiasi gani, ndipo uingie dukani. Kadi iliyotumika ijaribiwe palepale, nusu saa nzima, ikifanya kazi ngumu, siyo kuwaka tu. Sikiliza feni, zikikwaruza acha. Na iko programu ya bure inaitwa GPU-Z, inasoma kadi ni ya aina gani hasa na ina GB ngapi. Mjini zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani kwa ndani zikauzwa kama mpya, na programu hiyo inajua kuzitambua nyingi. Muuzaji akikataa kujaribu, muage kwa heshima uondoke.

Kosa la pili, pawasaplai

Tukanunua kadi mbili za GB 8, milioni moja na laki saba. Mazabodi, prosesa na RAM vilivyotumika, 450,000. Hapo hatukukosea, maana kwa uchimbaji wa kadi vitu hivi havihitaji ubabe. Prosesa ya kawaida inatosha, RAM ya GB 8 inatosha, diski ndogo ya SSD inatosha. Kazi yote inafanywa na kadi. Mazabodi unaiangalia kitu kimoja tu, ina nafasi ngapi za kuchomeka kadi.

Basi bwana, tukafika kwenye pawasaplai, ule mfuko wa chuma unaogawa umeme ndani ya kompyuta. Nikaona mmoja umeandikwa Wati 1000, shilingi 90,000. Pembeni mwingine umeandikwa Wati 750, shilingi 280,000. Msomaji, ungekuwa wewe ungechukua upi? Wati nyingi, bei ndogo! Nikauchukua. Ulikuwa mwepesi kama andazi la jana. Usiku wa tatu ukalia "pwaa!", ukatoa moshi, ukanyamaza. Bahati kadi zilipona.

Nikarudi kununua ule wa 280,000 uliokuwa na alama ya 80 Plus Gold. Alama hiyo maana yake ni hii. Pawasaplai yoyote ikivuta umeme ukutani, sehemu inapotea kama joto. Ya Gold, ikibeba nusu ya mzigo wake, inafikisha asilimia 90 hivi ya ilichovuta. Ya ovyo inaweza kufikisha 70. Sasa piga hesabu na mimi. Mashine inayotaka Wati 300 ndani, kwa Gold itavuta ukutani 333. Kwa ile ya ovyo itavuta 429. Tofauti ni Wati 96, usiku na mchana, karibu uniti 2.3 kwa siku. Kwa bei ya uniti moja ya nyumbani, shilingi 356 na kodi zake, hiyo ni karibu 24,500 kwa mwezi unazichoma bure. Ndani ya miezi minane ile bei ndogo imeshakuwa bei kubwa.

Kwa hiyo pawasaplai nunua nzito mkononi, yenye jina linalojulikana, na usiipe mzigo wa kuipita asilimia 80 ya ilichoandikwa. Mashine ya kuchimba hailali, siyo kama redio ya kusikilizia taarifa ya habari.

Kosa la tatu, na hili nusura litutoe roho

Mashine nikaiweka stoo, kwenye fremu ya mbao niliyoigonga mwenyewe, nikaifunika na shuka. Mama watoto nikamwambia ni kompyuta ya ofisini, naitunza. Wiki ya kwanza ikapita, mambo mswano. Kila nikienda msalani usiku napitia stoo, naangalia taa zinapepesa, narudi kitandani natabasamu peke yangu. Mke akaanza kunitazama vibaya, akidhani nina kimada wa simu.

Sasa kadi mbili hazikuweza kukaa karibu kwenye mazabodi, zilikuwa zinachomana. Tukatumia raiza, yaani vile vijikadi vyenye waya vinavyokuwezesha kuisogeza kadi mbali na mazabodi. Raiza inahitaji umeme wake. Zile tulizonunua zilikuja na kiunganishi cha kuchomeka kwenye waya wa SATA, ule wa kulishia diski. Tukachomeka, ikawaka, tukapongezana.

Kiunganishi cha SATA kimetengenezwa kubeba Wati 54 tu kwenye njia ya volti 12. Kadi ya grafiki kupitia nafasi yake inaruhusiwa kuvuta mpaka 75. Diski haimalizi hata robo ya hizo, kwa hiyo waya ule ukilisha diski unaishi miaka. Ukilisha kadi ya kuchimba, unapata moto polepole, saa baada ya saa, mpaka plastiki inaanza kulainika.

Ilikuwa saa nane usiku. Mama watoto ndiye aliyeamka. "Baba watoto, nasikia harufu ya kuungua." Mimi nikasema majirani wanachoma taka. Saa nane usiku, taka! Akaamka, akafuata harufu, akafungua stoo. Shuka lilikuwa limeshatoboka tundu la ukubwa wa sahani, linafuka moshi. Chumba kinachofuata walikuwa wamelala watoto wetu wote watatu.

Alichomoa waya ukutani kwa mkono wake. Kisha akalitoa lile shuka, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Wenye wake mnajua kwamba mke asipopiga kelele ndipo mambo yameharibika. Akauliza neno moja tu, "Bati ziko wapi?"

Sina la kuwaficha. Nilikaa kwenye gunia la mkaa nikamweleza yote mpaka adhana ya alfajiri.

Kijana wangu, ukinunua raiza tafuta zenye tundu la pini sita, ulishe kwa waya wa kadi wenyewe unaotoka kwenye pawasaplai. Yenye SATA iache dukani hata ukipewa bure. Fremu iwe wazi, usifunike kitu chochote. Mashine isikae chumba cha kulala wala karibu nacho. Na ekstensheni ya buku tano isibebe mzigo huo, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi nzuri iliyofungwa na fundi anayejua.

LUKU ilivyonisema

Asubuhi yake mama watoto akaleta jambo la pili. Kwa wiki kadhaa alikuwa anashangaa LUKU. Sisi tulikuwa kundi la wenye matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti wanalipia shilingi 100 kabla ya kodi. Umeme wa elfu tisa ulikuwa unatufikisha mwezi. Mashine yangu, na ukutani ilikuwa inavuta Wati 330, ilikula karibu uniti 8 kwa siku. Yaani uniti 75 zile za mwezi mzima ilikuwa inazitafuna kwa siku tisa na nusu!

Tukapandishwa kundi. Kundi la juu uniti ni 292 kabla ya kodi, ndiyo hiyo 356 ukijumlisha. Na bei hiyo haikuwa ya mashine peke yake. Balbu, pasi, friji la mama watoto la kugandishia barafu za biashara, vyote vikaanza kulipiwa bei mpya. Hesabu ya mpwa wangu kwenye daftari haikuwa na mstari huo. Msomaji, mstari huo ndio wa kwanza kuandikwa. Kabla hujauliza bei ya kadi, jua uniti unanunua kwa shilingi ngapi sasa, na utanunua kwa shilingi ngapi mashine ikishawaka.

Mama watoto alikubali mashine iendelee kwa masharti matatu. Ihamie banda la nje. Raiza zibadilishwe. Na kila jioni nimwonyeshe kilichoingia na kilichotoka, kwenye daftari, kwa kalamu.

Vifaranga

Banda la nje lilikuwa lake la kuku. Siku moja nakuta amepanga boksi la vifaranga hamsini upande ule feni zinakotolea hewa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Joto hili si tunalilipia? Basi vifaranga walifaidi."

Alikuwa sawa kuliko alivyojua. Umeme wote unaoingia kwenye mashine ya kuchimba unaishia kuwa joto, Wati 330 ni kama balbu kadhaa za kulelea vifaranga zikiwa zimewaka mchana kutwa. Dar es Salaam joto hilo ni adhabu. Hewa ya kuingia tayari ina nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo lazima kuwe na njia ya hewa kuingia upande huu na kutoka ule. Ubaya wa vifaranga ni vumbi na manyoya, kila Jumapili ilinibidi kupuliza feni kwa brashi na pampu ya baiskeli. Tulijifunza pia kupunguza volti ya kadi kwa programu. Kadi iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani inakunywa umeme kupita kiasi, ukiipunguzia inakisia karibu sawa na mwanzo lakini inapoa na inakula kidogo.

Basi tukaenda hivyo. Februari, Machi, Aprili 2022. Umeme ukikatika mashine inalala, ukirudi na kishindo natetemeka, mpaka nikanunua stabilaiza. Bei ya ether nayo ikawa inashuka kama ndoo kisimani. Juni ikafika dola 1,000 hivi. Kila jioni mama watoto anasoma daftari hasemi neno.

Halafu ikaja Septemba 15, 2022. Saa tatu na dakika 42 asubuhi kwa saa zetu, mtandao wa Ethereum ukaacha uchimbaji kabisa. Tangu dakika ile daftari lake linaandikwa na watu walioweka rehani sarafu zao, siyo wanaobahatisha namba. Halikuwa jambo la ghafla, wenye mtandao walilitangaza miaka mingi nyuma. Mpwa wangu alijua. Aliniambia, "Anko, walikuwa wanaahirisha kila mwaka, nikajua wataahirisha tena." Kadi za dunia nzima zikakosa ajira asubuhi moja. Wachimbaji wote wakakimbilia kuuza, na bei za kadi zilizotumika zikaporomoka.

Daftari lilisema hivi. Kwa siku kama 150 ambazo mashine ilifanya kazi, nilipata ether 0.13. Nilipoibadili mwishoni mwa mwezi ule, ether moja ikiwa kama dola 1,300, nikatia mfukoni shilingi 390,000. LUKU ya mashine kwa siku hizo, 423,000. Yaani hata umeme haikujilipa, achilia mbali milioni tatu na ushee za vifaa.

Vifaranga walilelewa mikupuo mitatu. Mama watoto hakuniambia walimwingizia kiasi gani, lakini Oktoba niliona gari imesimama kwenye kiwanja inashusha bati ishirini za kwanza. Nilipomuuliza akasema, "Za kwako zikija tutaendelea na upande wa pili."

Leo je?

Kijana wa bodaboda akasema, mzee hiyo ilikuwa zamani, sasa kuna bitcoin na kuna sarafu nyingine. Nikamwambia lete kalamu.

Bitcoin haichimbwi na kadi tena. Ilianza Januari 2009 kwa kompyuta za kawaida, zikaja kadi, na kuanzia 2013 ni mashine maalum zinazofanya kazi hiyo tu. Mjini utauziwa Antminer S9 iliyotumika, mashine ya mwaka 2016, kwa bei ya kukutamanisha. Inakisia trilioni 13.5 kwa sekunde na inakula Wati 1,300 na kitu, na makelele yake utadhani ndege inaruka sebuleni. Kwa siku inameza uniti 31 na ushee, zaidi ya shilingi 11,000. Tangu Aprili 2024 bitcoin mpya ni 450 tu kwa siku kwa dunia nzima, na mwaka 2025 nguvu ya mtandao ilivuka exahashi 900. Tuseme bitcoin moja ni dola 100,000, dola moja shilingi 2,500. S9 itakupa kama shilingi 1,700 kwa siku. Toa elfu kumi na moja. Huhitaji shule.

Iko Monero, ambayo tangu mwishoni mwa 2019 inachimbwa vizuri zaidi kwa prosesa. Hapo kuchagua kunabadilika. Kadi ya grafiki haina kazi, unachoangalia ni kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ile wanayoiita kashe, maana kila uzi wa kazi unataka MB 2 zake. Ryzen 5 3600 ina nyuzi 12 na kashe ya MB 32, inatosha. Ryzen 5 5600G ni mpya zaidi, nyuzi ni hizohizo 12, lakini kashe ni MB 16, itatumia nyuzi nane tu. RAM weka vijiti viwili badala ya kimoja kikubwa. Hiyo 3600 itakisia kama mara 7,000 kwa sekunde. Tuseme mtandao mzima ni bilioni 5 na Monero moja ni dola 300. Mtandao unatoa Monero 432 kwa siku, fungu lako ni shilingi 450 hivi. Kompyuta ikivuta Wati 100 ukutani, LUKU inakula 850. Hasara mia nne kila jua likizama.

Wanaofaidi wapo, siwadanganyi. Kule Congo, hifadhi ya Virunga inachimba bitcoin tangu 2020 kwa umeme wa maji inaoufua yenyewe. Wao mto ni wao. Mimi na wewe mto wetu ni namba ishirini za LUKU.

Na ukishapata sarafu, kumbuka Benki Kuu ilitoa onyo juu ya fedha hizi Novemba 2019, na tangu 2024 sheria ya fedha inakata asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Weka nayo kwenye daftari.

Kijana akauliza, kwa hiyo nisinunue kabisa? Nikamwambia kama ni kujifunza, nunua kompyuta moja, chagua vifaa ambavyo vikiachika vinaolewa tena. Kadi moja ya GB 8 au zaidi, pawasaplai ya Gold, prosesa yenye akili. Uchimbaji ukikufukuza, kompyuta hiyo itakata video za harusi, itachora ramani, mtoto atasomea. Mashine maalum ya bitcoin ikiachika ni chuma chakavu. Kadi yangu moja niliiuza 300,000, nyingine mpwa wangu anakatia video za harusi mpaka leo, na kwa hiyo amepata zaidi ya tulichochimba wote wawili. Lakini nunua kwa pesa ambayo haina kazi nyingine. Pikipiki yako ina kazi.

Akakunja karatasi, akashukuru, akaondoka. Hakuniambia ameamua nini, nami sikumwuliza.

Nyumba yetu imeezekwa yote sasa, upande wa pili nilimaliza mwaka 2024 kwa jasho la kalamu hii. Mvua ikinyesha mama watoto husema upande wake hauvuji. Wangu unavuja kidogo, karibu na stoo.

Leo asubuhi nikiwa kituoni nasubiri daladala ya kuleta makala haya kwa mhariri, imepita bodaboda na abiria nyuma. Nikampungia. Akanipigia honi mbili.

Haya, tukijaaliwa, wiki ijayo.